Bi Skolastika, Aliyemfundisha Wakala Kusimama

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Skolastika Nsokolo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika masjala ya hospitali yetu hapa Mpanda. Nimeombwa kuandika mimi, Dieudonne, niliyekaa meza ya jirani naye kwa miaka kumi na mmoja.

Alitoka Kasansa, kwa wakulima wa mpunga, akaanza kazi mwaka 1992 akipanga kadi za wagonjwa kwenye makabati ya mbao. Kompyuta zilipokuja, wengi tuliziogopa. Yeye aliziogopa kuliko sote, ndiyo maana alizitunza vizuri. Kila saa kumi jioni alichukua bakapu, yaani nakala ya akiba ya kumbukumbu zote, na hapo hasemeshwi. Mganga mkuu aliwahi kumsalimia mara tatu. Alijibiwa kesho yake asubuhi.

Mwaka jana, mrithi wake alipokosekana, uongozi uliamua kazi hiyo ifanywe na wakala wa akili unde, yaani programu inayosoma maelekezo na kuyatekeleza yenyewe. Bi Skolastika akaagizwa amwandikie mwongozo wa Ghala, programu yetu ya kutunza nakala. Tangu siku hiyo hakutulia. Chai yake ilikuwa inapoa mezani.

Mwongozo wake wa zamani ulikuwa na kurasa mbili. Ulisema: nafasi ikijaa, futa nakala za zamani. Sisi tulijua kwamba kwanza unahakikisha nakala mpya ni nzima, lakini hakuna aliyeliandika hilo. Tulimjaribu wakala kwa wagonjwa wa kubuni. Diski ilipojaa, alifuta nakala zote za nyuma, akabakiza moja mpya, nayo ilikuwa mbovu.

Bi Skolastika aliuchukua ule mwongozo, akausoma tena.

“Huyu hajakosea,” alisema. “Amefanya nilichoandika. Wangekuwa wagonjwa wa kweli je?”

Akaandika upya kwa miezi mitano. Kila amri aliieleza: inafanya nini, nini hakirudi ukishaitumia, utajuaje imefaulu, na ikishindikana umwite nani. Alikuwa akinipigia simu kutoka kwake mtaa wa Majengo: “Neno ‘kawaida’ nimelitoa ukurasa wa tisa. Kawaida ya nani?”

Mwezi Aprili radi ilipiga, diski ya seva, kompyuta yetu kuu, ikafa saa nne asubuhi. Bi Skolastika alikuwa msibani Kasansa na simu yake haipatikani. Wodini alikuwepo mama mjamzito kutoka Mwamkulu akisubiri upasuaji wa haraka. Hakuwa na nguvu ya kujieleza, na jina la dawa inayomdhuru lilikuwa kwenye kumbukumbu za kompyuta tu.

Tulimwamuru wakala arejeshe kumbukumbu kwenye kompyuta ya akiba. Akaanza, halafu akasimama.

“Mbona kimya?” Daktari Fausta aliuliza.

“Subiri, daktari,” nilisema, nikasogelea kompyuta.

Kwenye kioo chake yakatokea maandishi ya wakala: nakala ya jana haikukamilika, ya juzi imekaguliwa, ni nzima, kuirejesha kutapoteza taarifa za karibu siku mbili, siendelei mpaka mtu aamue. Nikafungua mwongozo. Bi Skolastika alikuwa ameandika kwamba tukifika hapo tuchague iliyo nzima, kisha tukusanye karatasi za wodini tujaze pengo. Nilisoma mara mbili, nikabonyeza ndiyo.

Dakika ishirini na tano zile sitazisahau. Mafaili elfu kumi na moja yalirudi, na la yule mama likiwemo. Daktari alisoma jina la dawa, akakimbilia chumba cha upasuaji. Mama na mtoto walitoka salama. Taarifa zilizopotea tulizijaza kwa mkono, siku mbili nzima.

Bi Skolastika aliporudi hakushangilia. Aliuliza tu, “Ulisita wapi?” Nikamwonyesha sentensi niliyoisoma mara mbili. Akaifuta, akaandika nyingine fupi zaidi.

Bi Skolastika, ahsante kwa kuogopa kwa niaba yetu miaka yote hii. Hatukufichi: tuna wasiwasi wa kubaki bila wewe. Lakini sasa tunajua cha kufanya na wasiwasi, tunauandika vizuri ili anayekuja aelewe. Mungu akupe afya, mashamba yakuneemee, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Pumzika, mama. Sisi tupo.