Ndege ya Felisian na Ntumba za Mama Gaudiosa

Ndugu waombolezaji, mliotoka Namanyere kwa basi na mliotembea kutoka hapa hapa Kasense, familia inawaomba utulivu kidogo, tupite pamoja njia aliyopita mwenzetu.

Felisian Rafaeli alizaliwa Chala tarehe 9 Mei 1943, mtoto wa pili wa mzee Rafaeli na mama Luciana, akasoma shule hapo hapo Chala kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, ambako alichapwa kwa kuifungua saa ya mwalimu, ingawa alipoifunga iliendelea kutembea kama kawaida. Alijifunza ufundi redio Mbeya, akaajiriwa Sumbawanga mwaka 1965 katika shirika la umma, akalitumikia mpaka lilipofungwa Juni 1994, ndipo akafungua kibanda chake sokoni.

Tarehe 18 Oktoba 1969 alifunga ndoa na Evodia, ambaye wote tunamwita mama Gaudiosa, wakajaliwa Gaudiosa, Edwin na Fransiska, na mtoto wa nne, kama mama mwenyewe anavyolalamika, alifika mwaka 1995 ndani ya mzigo wa mitumba kutoka Tunduma, nayo ni ndege ndogo ya mashindano, yenye injini na rimoti yake.

Iliruka, ila kivivu, na siku moja Ndalahwa, jirani yetu mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, akaipita kwa pikipiki, akapiga na honi. Marehemu hakuisahau honi ile. Kwanza alidhani dawa ni pangaboi kubwa la kuivuta ndege, injini ikalemewa, akachonga fupi lililopinda zaidi, injini ikapiga kelele hadi ng'ombe wakahama malisho, akapiga msasa mabawa na kuyapaka vanishi, mwisho akakata magurudumu, maana ndiyo yaliyokuwa yakikamata upepo. Kasi ilipatikana kweli, lakini tangu hapo kila kutua kulikuwa ni kuvunja pangaboi, na kila pangaboi jipya lilichongwa juu ya meza ya chakula.

Mwaka 1997 mikono yake ilianza kutetemeka. Mama Gaudiosa alimwambia kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili ili na majirani wasikie, arudishe magurudumu aliyoyakata, naye akakataa katakata, na mama akabaki na hofu moja tu, kwamba mikono itamgomea kabla hajaishinda pikipiki ile, na yeye atamzika mume mwenye kinyongo.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1998, walishindana barabara ya Kasense, na ndege ikampita Ndalahwa kabla ya daraja, watu wakishangilia, lakini mikono ya marehemu ilichoka, rimoti ikamponyoka, ndege ikashukia shambani kwa mama Gaudiosa, kwenye ntumba, yale matuta yetu ya mviringo yenye majani yaliyofukiwa ndani. Mama alikimbia akitegemea kuokota vipande, akaikuta imekaa juu ya tuta, nzima, haina hata mkwaruzo, akaketi chini akicheka na kulia. Kuanzia siku hiyo ndege ilitulia hapo, na tuta lile halikupandwa maharage tena.

Hali ilibadilika Januari 1999, akalazwa mara kwa mara, mwezi wa mwisho akiteseka sana, hadi Jumapili tarehe 6 Juni 1999 alipofariki usingizini nyumbani kwake, mikono imetulia kabisa. Mama Gaudiosa ametutuma tuseme bila kuficha kwamba analia, na kwamba moyo wake umepumua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa sokoni, majirani wote, na Ndalahwa, ambaye leo ametangulia mbele ya jeneza kwa pikipiki ile ile, taratibu, bila honi.

Mama ameomba jambo moja tu kwa vijana waliochimba kaburi, kwamba udongo wa juu waupigepige kwa jembe mpaka uwe laini kama wa ntumba. Umetua salama, baba Gaudiosa. Pumzika kwa amani.