Trekta, Ndege au Friji

Mwaka ule lami ilipofika Karatu, Clemensi aliacha kuuza spea za pikipiki akafungua banda la gemu. Ndani palikuwa na televisheni moja, mashine moja ya kuchezea na viti vya plastiki. Nje, chini ya bati, palikuwa na benchi refu la mbao ambalo halikuwa la mtu. Muuza kahawa aliegesha jiko lake pembeni kila asubuhi, na kahawa ya kwanza haikuwahi kuchemka kabla benchi halijapata watu wake. Alikuwapo Herbert, dereva wa wageni, kijana wa Arusha waliyemwita Turbo kwa kuwa hakujua kwenda taratibu hata akienda kunyoa. Alikuwapo Kisioki, Mmaasai mrefu aliyelinda lodji usiku na kupita kijiweni kabla ya kulala. Yeye walimwita Mita Mbili. Clemensi mwenyewe, mtu wa Rombo, aliitwa Waziri, maana hakuna jambo alilokosa kulitolea tamko. Na mwisho wa benchi alikaa Bartolomeo.

Bartolomeo alikuwa mtu wa Kansay. Kwa miaka mingi aliwateremsha wageni krita, lile bonde la wanyamapori, akiiachia injini kazi ya kulishikilia gari, breki akizigusa kwa nadra, ndiyo maana wakamwita Gia Moja. Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, lakini mkono wa kushoto ulirudi nusu. Kampuni ilimshukuru kwa maneno mazuri, ikampa gari dereva mwingine. Tangu hapo alikuja kijiweni kila siku, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mfuko wa koti, na aliyemuuliza aliambiwa kwamba anapumzika. Baada ya muda watu wakaacha kuuliza. Walimheshimu sana, na heshima yenyewe ikawa ndiyo hiyo ya kutoutazama ule mfuko.

Gemu iliyowagombanisha ilikuwa ya majitu ya chuma. Kila mchezaji anapewa jitu lenye kimo cha mnara wa simu, analichagulia miguu, silaha na injini, kisha majitu mawili yanaingizwa katika mji usio na watu yapigane mpaka moja lianguke. Shida ni kwamba diski ilikuwa na maandishi ya Kijapani. Hakukuwa na mtu wa kuyasoma, kwa hiyo injini tatu zilizokuwamo walizipa majina kwa kuzisikiliza. Moja ilinguruma polepole na kutoa moshi, wakaiita Trekta. Ya pili ililia kama inataka kuruka, ikawa Ndege. Ya tatu ilivuma kidogo tu, kama jokofu kwenye nyumba iliyolala, wakaiita Friji.

Kila moja ilikuwa na lake. Trekta ililiburuza jitu kama mgonjwa, ila haikuchemka hata siku moja. Ndege ilikimbia, lakini ukiikazania ilichemsha, na jitu likasimama likitoa mvuke huku linapigwa. Friji iligeuka upesi na kimya, lakini chaji ilikata katikati ya vita.

Yote hayo yangebaki kuwa maneno ya kupitishia asubuhi, kama watu wa Mto wa Mbu wasingeleta ujumbe. Nao walikuwa na banda lao, na bingwa wao aliyeitwa Godson. Jumapili baada ya ibada wangepanda Karatu kucheza, benchi kwa benchi. Pambano moja tu, hakuna marudio, na kila upande utaje injini yake mbele ya watu kabla ya kuanza. Watakaoshindwa watachinja mbuzi.

Ilipofika Alhamisi mabishano yalikuwa yamewakausha koo. Herbert alikuwa amesimama, kikombe mkononi.

— Ni Ndege, hakuna nyingine. Unamfikia jamaa kabla hajajua ameingilia wapi.

— Halafu unachemsha, akasema Clemensi.

— Inachemsha kwa sababu ya Karatu, Waziri. Hapa tuko juu, hewa nyepesi. Gari la petroli likitoka Mto wa Mbu, likipanda ule ukingo, linakosa nguvu au halikosi? Chukua hiyo mashine ukaijaribu kule chini, uone kama itachemka.

Kisioki alilitafakari hilo kwa muda. Akauliza kama ule mji wa kwenye televisheni uko juu au uko chini. Herbert akasema hana hakika, ila una ukungu, kwa hiyo uko juu. Kisioki akasema kama una ukungu basi una baridi, na kama una baridi injini isingechemka. Herbert akakaa.

Clemensi akaona nafasi yake imefika. Alieleza kwamba Wajapani ni watu wa siri, na ukitaka kujua injini waliyoipenda wenyewe utafute iliyochorwa vibaya kuliko zote. Friji ilichorwa kama ndoo. Kwa hiyo ndani ya ile ndoo kulikuwa na jambo. Tena alikuwa ameanza kuamini kwamba chaji haikati bure. Inakata pale inapoona mchezaji hana shabaha. Kisioki hakukubali. Kwake swali lilikuwa moja tu: hilo jitu linakula nini, na linakunywa wapi. Kitu chenye nguvu namna ile hakiwezi kukaa katika mji usio na watu wala maji. Pengine, alisema, hayapigani kwa ubaya. Yana kiu.

Wakamgeukia Bartolomeo, kama walivyomgeukia kila waliposhindwana.

— Mzee Barto, sema wewe. Wewe ndiye unayezijua.

Bartolomeo akawaambia taratibu kwamba injini yenye nguvu za juu huwa haina nguvu za chini, kwamba mwendo mkali unapendeza njia ikiwa wazi, na kwamba yeye mwenyewe aliona magari mengi mazuri yakivutwa na trekta matopeni, lakini hakuwahi kuona trekta likivutwa na gari zuri. Wakatikisa vichwa. Alipenda kuulizwa. Kwa dakika chache za namna hiyo alijisikia kama amekaa tena nyuma ya usukani. Lakini alikuwa pia ameona kwamba wakimwuliza humtazama usoni tu, na macho yao hayashuki chini ya kola ya koti.

Siku hiyo benchini alikuwapo mgeni. Mama mmoja wa makamo aliyeitwa Seenoi alikuwa anasubiri Land Rover ya kwenda Loliondo. Alikuwa anarudi kwake Samunge na mzigo wa sukari na dawa za mifugo, na gari lilikuwa limechelewa. Kisioki ndiye aliyempisha akae na kumnunulia kahawa, akimwita yeyo, kama Wamaasai wanavyomwita mama. Mama huyo alikuwa amesikiliza asubuhi nzima bila kuingilia. Alidhani mwanzoni kwamba wanazungumzia gari la mtu fulani, mpaka Kisioki alipompeleka mlangoni akaliona jitu kwenye televisheni. Akalitazama vizuri, akarudi kukaa. Sauti zilipotulia kidogo, akauliza:

— Na dereva ni nani?

Herbert akakitua kikombe chake. Jumapili alikuwa na wageni wa krita, na alilijua hilo tangu Jumatatu, ila katika ubishi wote ule alijiona yeye ndiye aliyeshika pedi ya kuchezea. Clemensi asingeweza, kwani pande zote mbili zilishakubaliana kwamba yeye ndiye refa. Vijana waliojaza banda mchana hawakuhesabika, maana mapatano yalikuwa ya benchi na benchi. Kisioki hakuwahi kuigusa pedi tangu azaliwe. Muuza kahawa akajishughulisha na makaa yake.

Kisha macho yao yakaja kwa Bartolomeo, yakaondoka.

Alikuwa amedhani ameshazoea. Kutochaguliwa hakukumwuma, asingejichagua hata yeye. Kilichomwuma ni jinsi yale macho yalivyoondoka upesi, kama ya mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anavaa. Halafu akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya goti, mahali ambapo wote wangeuona. Vidole vilikuwa vimejikunja nusu.

— Huu unashika, akasema. Hauna haraka, lakini ukishashika hauachii. Haya, nitafutieni injini ya huu.

Kisha Herbert, ambaye hakujua kwenda taratibu, akasogea akachuchumaa mbele yake na kuuliza ni kidole gani kinafanya kazi. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo nje ya hospitali. Bartolomeo akamwonyesha. Dole gumba lilikuwa zima, vingine vilifuata kwa kuchelewa. Katika pedi, dole gumba la kushoto ndilo linalolitembeza jitu. Kulenga na kupiga ni kazi ya kulia.

Mabishano yakaanza upya, ila safari hii hayakuwa yale. Herbert mwenyewe aliiondoa Ndege, bila kuombwa, akieleza kwamba inamtaka mtu aachie na kukamata, aachie na kukamata, la sivyo inachemka. Clemensi aliitetea Friji kidogo, kisha akakiri kwamba ni nyepesi mno. Dole likitetemeka tu, jitu linajizungusha kama pia. Ikabaki Trekta. Ukiisukuma mbele inakwenda mbele, na mkono ukitetemeka yenyewe haina habari. Kisioki akasema ni kama punda aliyezeeka, unampakia mzigo, unamwelekeza nyumbani, unamwacha.

Honi ikalia barabarani. Ilikuwa Land Rover ya Loliondo. Kisioki akabeba mzigo wa Seenoi, naye mama akainuka, akawaaga mmoja mmoja. Alipofika kwa Bartolomeo akasimama.

— Pole kwa mkono, baba, akamwambia wazi, kama mtu anavyompa mwenzake pole ya safari.

— Nimeshapoa, mama, akajibu Bartolomeo, na akashangaa kuona ni neno jepesi kiasi hicho.

Alianza mazoezi alasiri ileile. Mara ya kwanza jitu liliingia ndani ya ghorofa, likabaki humo likikanyaga ukuta mpaka Clemensi akazima. Ijumaa liliweza kufuata barabara. Herbert akampa mbinu ya kuegemeza mgongo wa jitu ukutani, mwisho wa mtaa, ili adui asiwe na nyuma ya kupitia. Jumamosi Evelyn, mkewe, alikuja kumtafuta maana chakula kilikuwa kimepoa. Akamkuta ametokwa jasho, pedi imebanwa kati ya goti na mkono. Akasimama mlangoni.

— Daktari alimpa mpira wa kuminya, akawaambia watu wa benchi. Akautupa nyuma ya kabati.

Akavuta kiti cha plastiki, akakaa kutazama.

Jumapili watu wa Mto wa Mbu wakaja, wamejazana nyuma ya pikapu. Godson alikuwa kijana mpole, mwenye salamu. Alitaja Ndege. Clemensi, kwa sauti ya refa, akatangaza kwamba Karatu wanaingia na Trekta, na pakawa na vicheko vya chini. Bartolomeo akaiweka pedi juu ya goti, akalielekeza jitu lake mwisho wa mtaa, akaliegemeza ukutani.

Godson alimzunguka kama nyuki. Alipiga, akapotea katika ukungu, akatokea upande mwingine, akapiga tena. Jitu la Bartolomeo lilipokea yote likinguruma. Kisha Ndege ikachemka. Jitu la Godson likasimama katikati ya barabara, mvuke ukilitoka, na Trekta ikatoka ukutani, hatua kwa hatua, ikalifikia, ikalipiga mpaka banda zima likainuka. Ikatokea hivyo mara ya pili. Katika kujibu, Godson alilivunja jitu la Bartolomeo mkono wa kulia, wenye silaha kubwa. Watu wa Karatu wakatazama sakafu. Bartolomeo akacheka.

— Limebaki na wa kushoto tu, akasema. Tutaona.

Godson naye alikuwa mtu wa kujifunza. Safari ya tatu hakungoja injini ichemke. Aliipumzisha nyuma ya ghorofa, akatokea ikiwa imepoa. Baada ya hapo haikuwa vita tena. Trekta iliwaka moto ikiwa bado inatembea kwenda mbele, ikaanguka kifudifudi katikati ya mji. Godson akainuka, akampa mzee mikono miwili. Mbuzi akachinjwa nyuma ya banda, wakala wote pamoja, na jua lilipoanza kuinama pikapu ikawarudisha wageni kwao.

Herbert alifika jioni, vumbi la krita likiwa bado kwenye nyusi. Aliegesha gari la wageni palepale, akaja mbiombio bila kufunga mlango.

— Ilikuwaje?

Clemensi akafungua kinywa amwambie. Bartolomeo akainua mkono kumzuia.

— Subiri, Waziri. Tuanzie mwanzo.

Akaanza na ukungu. Akaeleza jinsi mtaa ulivyokuwa mwembamba na jinsi Ndege ilivyosikika kabla ya kuonekana, kwamba ukisikiliza vizuri unaijua inakuja kwa upande gani. Akaigiza mlio wake. Akaeleza injini ilivyobadilisha sauti kidogo kabla haijachemka, jambo ambalo Godson mwenyewe hakuliona, na alivyoisubiri sauti hiyo. Evelyn, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kikombe chake, hakuwa amemsikia akizungumza mfululizo namna ile tangu alipotoka hospitali. Herbert aliuliza, akajibiwa. Kisioki, ambaye zamu yake ilikuwa imeshaanza, hakuondoka. Muuza kahawa aliinamisha birika, akaonyesha kwamba limekwisha, akafunika jiko, naye akakaa. Wote walijua mwisho wake, hata Herbert alikuwa ameshausoma usoni mwa Clemensi. Bartolomeo alikuwa ndiyo kwanza analitoa jitu ukutani, na mbele ilikuwa bado safari ndefu kabla hajafika pale aliposhindwa.