Mzee Mramba na Treni Inayokuja Juu ya Wazee Wake

Bwana asifiwe, wapendwa, nanyi wazee shikamooni. Mimi ni Kahaso, kifungua mimba wa marehemu, na nawaambia mapema, naogopa.

Baba yetu, Mzee Japhet Mramba mwana wa Lewa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 papa hapa, nje kidogo ya Mariakani, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1972 akaajiriwa na reli, kazi ya kutengeneza njia, hadi alipostaafu mwaka 2006. Alimwoa mama yetu, Kadii, kanisani, tarehe 9 Agosti 1975, wakajaliwa watoto watano, na baba akawa mzee wa kanisa, tena mkali, hata ngoma ya harusi ikipita njiani aliifokea.

Ilipotangazwa kwamba treni ya abiria ya Mombasa itaongezwa njia ifike huku, kwa kuwa miji yetu imekua, nani alishangilia kama yeye? Wapimaji walipokuja Julai mwaka jana aliwachinjia kuku, na walipomwuliza vile vigingi vya mti mbele ya nyumba ni vya nini, alimtazama mchungaji aliyeketi naye, akaona haya, akajibu ni vya kufungia mbuzi. Wakaichora njia ikapita papo hapo, jamani.

Tangu hapo baba hakuwa na usingizi, kila tingatinga likinguruma barabarani alisimama mlangoni, presha ikapanda, akawa ananishika mkono akiniuliza wazee wakifukuliwa watamlilia nani, na kurudi kwa wapimaji kusema kweli hakuthubutu. Alilazwa Kilifi tarehe 12 Mei 2025, akatuaga tarehe 19.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha matangani, na wenzake wa reli. Yanayofuata baba zangu wadogo wamenikataza kuyasoma.

Nawashukuru pia nyinyi wapimaji, mlioketi kwenye hema lile la buluu, kwa kuja kumzika rafiki yenu. Vigingi vile si vya mbuzi. Ni koma za wazee wetu, vigingi vya kuwatunzia roho zao, makaburi ya babu na bibi yapo papo hapo, na baba alitaka alazwe kati yao. Mchungaji, nitenge ukitaka, lakini usiondoke kabla ya kumwombea.

Baba, neno lililokushinda nimelisema mimi. Pumzika kwa amani, kama wapimaji watakuacha.