Magari Arobaini ya Saa Nne

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa kinyozi, linatazamana uso kwa uso na geti la kiwanda cha magari. Aliyelikalia aliona kila kinachoingia na kila kinachotoka, na asichokiona alikitunga. Mguu mmoja wa benchi ulivunjika zamani ukawekewa rimu ya gari, kwa hiyo anayekaa upande ule alikuwa juu kidogo ya wenzake, na hoja zake, sijui kwa nini, zilisikika nzito zaidi. Asubuhi hiyo upande wa rimu alikaa Waziri, kinyozi mwenyewe, mtu ambaye ofisi ya serikali aliingia mara moja tu kufuata leseni, lakini alizungumza kana kwamba ametoka kikaoni sasa hivi. Katikati alikaa Dizeli, dereva wa teksi, na gari lake la mtumba la kutoka ng'ambo limeegeshwa jirani. Pembeni alikaa Rula, mkaguzi wa mwisho wa magari pale kiwandani, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya rula ya chuma isiyobanduka mfukoni mwa shati lake. Shangazi, mwenye kahawa, alisimama na birika lake. Siku zote Rula ndiye aliyewavunja mbavu wenzake. Siku hiyo alikishika kikombe kwa mikono miwili, kahawa ikampoa.

— Mheshimiwa shahidi, Waziri akaanza, hiyo tai inakupendeza au inakunyonga?

— Mwache, Shangazi akasema. Mtu anakwenda kusimama mbele ya wabunge, wewe unamsema tai.

Maana saa nne na nusu kamati ya wabunge ingekaa katika ukumbi wa kiwanda kuamua jambo moja: ushuru mkubwa wanaotozwa wenye kuingiza magari ya nje, ule unaokilinda kiwanda, uongezewe miaka kumi au ufutwe. Wafanyakazi elfu moja na mia mbili walikuwa wamemchagua Rula awasemee. Hotuba ilikuwa tayari. Ilipigwa chapa ofisini kwa meneja, ikakunjwa mara nne, ikatiwa mfukoni nyuma ya rula.

— Na hakuna cha kujadili, Waziri akaendelea. Kiwanda kichanga kinalindwa. Mtoto akijifunza kutembea si unamshika mkono?

— Mtoto gani? Dizeli akaruka. Kiwanda kina miaka thelathini na mbili! Mtoto ana ndevu, wewe mwenyewe ungemnyoa, bado anashikwa mkono kupelekwa chooni?

— Wa nje wanatumwagia magari ya bei chee makusudi wakiue chetu. Kikishakufa, wanapandisha bei. Hilo nimelipata ngazi za juu.

— Ngazi ya juu uliyowahi kupanda ni ile ya kutundikia kibao cha saluni, tena ulianguka.

— Nilisukumwa!

— Sikiliza, bwana. Gari langu lina miaka kumi na minane. Limezaliwa nchi za watu, limepita mikono mitatu kabla ya yangu. Limechoka, na mimi nimechoka. Nikitaka kulibadilisha nashindwa, ushuru umeshaipita bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo huyo mtoto wako mwenye ndevu, mlezi wake ni mimi.

— Na dada yako anayeshona viti mle ndani? Na huyu shemeji yako hapa? Ushuru ukifutwa watatafuna tairi?

Dizeli akajikuna shingo. Mke wa Rula alikuwa dada yake wa tumbo moja.

— Ndiyo maana hayo nayasema kwa sauti ya chini.

— Ya chini! Shangazi akacheka. Nimekusikia toka kule kwa muuza mkaa.

— Tena kiwanda kinazalisha, Waziri akasema, na kuinuka kidogo juu ya rimu yake. Magari arobaini kila siku ya kazi, saa nne juu ya alama. Kila moja likivuka geti, karani wa serikali pale kibandani anabonyeza kidude chake, tak, na kiwanda kinalipwa ruzuku ya gari hilo. Hajawahi kubonyeza thelathini na tisa.

— Hajawahi, Rula akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu akae. Wote wakageuka, si kwa neno, kwa sauti iliyolitoa.

— Ile wiki umeme ulipokatika, yalitoka arobaini. Ule mwezi vyuma vilipokwama bandarini, wenzangu wa karakana walicheza karata siku kumi na nne. Yakatoka arobaini. Mlijiuliza?

— Uhodari wenu, Waziri akasema, lakini hakuinuka juu ya rimu.

Rula akaweka kikombe chini. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na hakuwahi kuona aibu mbele ya watu hawa, hata siku suruali ilipompasukia akipanda teksi ya Dizeli. Sasa aliona aibu, na hakujua ni ya nini.

— Nina tabia moja, Dizeli, ambayo hata dada yako haijui. Mwaka wangu wa kwanza nilisingiziwa kupitisha gari lenye breki mbovu. Tangu siku ile, kila gari ninalolikagua nalikwaruza alama kwa msumari. Chini ya kiti cha dereva, kwenye reli, mahali ambapo rangi haifiki. Alama ya vema, mkia wake umepinda kushoto. Nikisingiziwa tena nionyeshe: lile langu, lile si langu.

— Sasa kuna ubaya gani? Dizeli akauliza.

— Jana nilipiga magoti kwenye gari jipya. Viti bado vina nailoni, harufu ya gundi inatoa machozi. Nikaingiza mkono nikwaruze. Msumari ukaniponyoka, kidole kikapita juu ya alama.

— Ulikuwa umeshakwaruza ukasahau, shemeji. Umri huo.

— Nikawasha tochi. Zilikuwa kumi na moja. Zimejipanga kama meno, zote kwa mkono wangu.

Shangazi alikuwa anammiminia Waziri. Kikombe kikajaa, kikafurika, kikalowesha goti la Waziri, na wote wawili bado wanamtazama Rula.

— Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu, Rula akasema polepole. Nikamwambia, mama, ngozi za viti mnazoletewa zikoje? Akaniambia, zikoje vipi? Za kawaida. Zinakuja na matundu ya sindano tayari, sisi tunafuata matundu. Miaka tisa anafuata matundu. Alidhani zinatengenezwa hivyo.

Barabarani hakupita mtu. Kibandani karani wa serikali alikuwa anafuta kidude chake kwa leso.

— Ni jeshi, Waziri akasema hatimaye, kwa kunong'ona. Siri ya dola. Adui akihesabu magari yetu achanganyikiwe.

— Adui gani anakuja kuhesabu magari ya milango miwili? Dizeli akauliza.

— Basi yamezikwa. Kuna handaki. Yanashuka na kupanda.

— Mimi nawaambieni yanajirudisha yenyewe, Shangazi akasema. Nilikuwa na paka wa hivyo. Nilimpeleka mbali mara tatu, kila nikirudi namkuta jikoni ananitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni.

— Gari si paka, Shangazi!

— Na madereva wa magari hayo je? Miaka yote nauza kahawa hapa. Wanaletwa na basi lenye mapazia, wanaondoka nalo. Hakuna aliyewahi kushuka akanunua hata kikombe. Nikiwasalimu, wanatazama mbele. Binadamu gani hapendi kahawa?

Dizeli akatazama kibandani, kisha getini. Akasogea karibu na Rula mpaka magoti yakagusana.

— Shemeji. Hayo ya alama, umemwambia nani mwingine?

— Ninyi.

— Basi yaishie kwetu. Kasome hotuba uliyoandikiwa, keti chini, rudi tunywe kahawa.

— Wewe? Wewe uliyekuwa unapinga ushuru sasa hivi?

— Napinga benchini! Abiria wangu ni akina nani? Wafanyakazi wa hapa. Geti likifungwa, nimbebe nani, upepo?

— Na mimi nitamnyoa nani? Waziri akadakia.

— Watu elfu moja na mia mbili, baba, Shangazi akasema, na safari hii hakucheka. Wana watoto. Watoto wanakula kweli, hata kama magari si ya kweli.

Hapo ndipo Rula alipojua alichokuja kutafuta pale benchini. Alitaka mtu mmoja amwambie sema. Watatu wale hawakuwahi kukubaliana hata juu ya mvua inayowanyeshea, na leo kwa mara ya kwanza walikuwa kitu kimoja.

— Hamjambo hapa?

Hakuna aliyemwona akija. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi la mwendo mrefu, mkoba ameubana kwapani. Wakamwitikia, Shangazi akamsogezea kigoda.

— Mimi ni mkunga, akasema. Zahanati yangu iko mbali, na akina mama ninaowazalisha wako mbali zaidi ya zahanati. Mwezi uliopita nilitembea nikafika nimechelewa. Mama nilimkuta hai, mtoto sikumkuta. Nikasema basi, nanunua gari. Ya nje siyawezi, ushuru wake ni kiama. Nikaambiwa niende kwenye la nyumbani.

— Umefanya vyema, Waziri akasema, lakini alisema kikombeni.

— Ila mimi sinunui kitu kabla ya kuongea na mwenye nacho. Ninyi mnakaa hapa kila siku. Nielekezeni mtu mmoja tu aliyenunua gari la kiwanda hiki, nimuulize linakwendaje.

Waziri akamtazama Dizeli, dereva aliyezunguka kila mtaa na kila wilaya kwa miaka mingi. Dizeli akafungua kinywa, akaanza kutafuta. Rula aliyaona macho yake yakipita kwenye barabara zote, maegesho yote, foleni zote, harusi na misiba yote aliyowahi kupeleka watu. Yakarudi matupu.

— Hata mmoja? mkunga akauliza.

King'ora cha saa nne kikalia.

Geti likafunguka. Yakatoka moja moja, yanang'aa kama yai bichi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tak, karani akabonyeza. Tak. Ndani ya kila gari dereva mwenye glovu nyeupe, macho mbele. Mkunga akainua mkono kama mtu anayesimamisha basi. La kwanza likampita. La pili likampita. Akagonga kioo cha la tano: Kaka, samahani! Dereva hakugeuza hata jicho. Yalipofika mwisho wa ukuta wa kiwanda yakakata kushoto, moja baada ya jingine, mpaka la arobaini.

— Basi nitawauliza huko huko wanakokwenda, mkunga akasema. Akayafuata kwa miguu.

— Rula! mlinzi akaita kutoka getini. Wabunge wameshaketi! Unasubiriwa wewe tu!

Rula akasimama. Akanyoosha tai. Akavuka barabara, na Dizeli, aliyebaki benchini, akashusha pumzi ndefu. Lakini alipofika getini hakuingia. Akapita mbele ya mlinzi, akapita mbele ya karani na kidude chake, akaufuata ukuta. Miaka ishirini na moja alikuwa hajawahi kukata kona ile, kwa sababu kwake kulikuwa upande wa pili.

Nyuma ya kona palikuwa na njia moja tu, nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Haikwenda popote. Ilizunguka kiwanda ikaishia kwenye geti dogo la chuma lisilo na kibao, ambalo mtu alikuwa analifunga kwa ndani. Alama za matairi mapya zilipita chini yake na kupotea. Mkunga alikuwa amesimama mbele ya geti lile, mkoba kwapani, anatabasamu kwa haya kama mtu aliyesumbua watu.

— Kumbe wanauzia huku, akasema. Kaka, nibishe hodi?

Ndani, injini ya kwanza ikazimwa. Kisha ya pili. Kisha Rula akaisikia sauti aliyoifahamu kuliko sauti ya mama yake, spana ya upepo ya kukazia nati za magari, ikilia tofauti na alivyozoea. Ilikuwa inazifungua.

Alifikiria mikono ya mke wake juu ya matundu. Akatoa hotuba mfukoni, akaitazama, akairudisha, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kutupa karatasi kwenye njia safi namna ile.

— Dada, akasema, usibishe hapa. Kuna watu wameketi ukumbini, wamekuja kutoka mbali kusikiliza habari za magari haya. Twende nikupeleke.

— Mimi? Nikaseme nini mbele ya wakubwa?

— Waulize lile swali ulilotuuliza sisi benchini. Lile lile. Usiongeze neno.

— Na wasipojua?

Rula akamshika kiwiko, wakaanza kurudi.

— Wasipojua, akasema, nitawaambia mimi.