Theluthi ya Gulshan

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, maana sauti yangu ya leo siyo ile mliyoizoea, na niliyonayo kifuani sina nguvu ya kuyasema mara mbili. Mazoon, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni. Ndugu yangu Murshid, kaa hapo pamoja na Sheikh Marhoon wa msikiti wetu, msikie nyote wawili, maana nimekuiteni kwa ushahidi, sikukuiteni kwa kahawa. Na wewe Hisham, mwanangu wa kwanza, ile karatasi uliyoniletea Jumapili niitie saini, ya kukupa wewe mamlaka juu ya kila nnachokimiliki kwa sababu eti mama kazeeka na akili zimemchoka, nimeisoma yote, na nimeisoma bila ya miwani. Sikuitia saini na sitoitia, na mkinikuta nimekufa na kidole changu kina wino, jueni nimelazimishwa.

Madaktari wamesema moyo ndio uliochoka. Kichwa hawakukitaja. Mazoon ni daktari, muulizeni.

Nnachokiacha mnakijua: nyumba hii ya Qurum hapa Maskati, jengo la Ruwi, bohari la Wadi Kabir, dhahabu yangu, na lile duka la mapazia lililo chini ya jengo, na vitambaa vyake na vyerehani vyake na jina lake. Mwenyezi Mungu ameshakugaieni mafungu yenu, Hisham na Safwan na Mazoon, na mimi sina ubavu wa kuyagusa wala sitaki. Lakini sheria hiyohiyo imenipa mimi theluthi niielekeze nnapotaka, kwa mtu asiyenirithi, na theluthi yangu nampa Gulshan binti Badrudin. Duka la mapazia ni lake. Umesikia, Murshid? Sheikh, umesikia? Haya. Wacha kukohoa, Hisham, hukuwa na kikohozi ulipoingia.

Nakujua utakalosema, kwa sababu ulishalisema mwezi uliopita hapahapa, mnakula chakula cha mchana na mimi nimelala, mkidhani nimesinzia. Ulimwambia Safwan: "Mtazame Mlebanoni, anashuka na sanduku moja, baada ya miaka kumi ana mnara. Mhindi yuko Ruwi miaka hamsini na bado anatembea na futi shingoni. Tumuuzie huyu Wadih duka, anajua biashara, hawa wengine wanajua kushona tu." Ukacheka. Gulshan alikuwa jikoni ananitengenezea uji, na milango ya nyumba hii ni myembamba. Aliuleta ule uji, akanitilia kijiko mkononi, akatoka bila ya kuaga, mtu ambaye tangu mdogo hajapata kutoka nyumbani kwangu bila ya kunibusu mkono. Siku ile niliona haya kwa ajili yako, mwanangu, na nikasema nafsini mwangu kwamba sitokufa kabla sijakujibu.

Basi sikiliza jawabu lako.

Mimi nilitoka Unguja nna miaka kumi na minane kwenda kuolewa na baba yenu Zahor, Mungu amrehemu, katika mji ambao siku hizo ukiitwa Stanleyville na baadaye ukaitwa Kisangani, ndani kabisa ya Kongo, mwendo wa siku nyingi kwa treni na meli za maziwa na mto. Baba yenu alikuwa na duka la vitambaa, na ukuta kwa ukuta na duka lake lilikuwa duka la Badrudin, Mhindi wa Kikhoja aliyezaliwa palepale, fundi wa kukata nguo ambaye wazungu walimfuata mpaka nyumbani. Vita vikaja vikapita, tukajificha pamoja, mke wake na mimi tukipika katika sufuria moja. Kisha mwaka wa sabini na tatu, asubuhi moja ya baraka zake, akaja mtu mwenye orodha, na nyuma yake wawili wenye bunduki, wakasema maduka ya wageni sasa ni mali ya wananchi. La baba yenu lilikuwemo, na la Badrudin lilikuwemo. Badrudin aliomba jambo moja tu, achukue mkasi wake aliopewa na baba yake. Yule mtu akamwambia kila kilicho ndani ya kuta nne hizi kimeshaandikwa. Nilimwona Badrudin ametoka na mikono mitupu, anaifungua na kuifumba, hajui aitie wapi.

Waliopewa maduka yale waliuza kitambaa mpaka kikaisha, wakafunga milango. Na miaka ikapita, mji hauna sabuni hauna chumvi, ndipo wakaja Walebanoni, wakayakuta maduka matupu yanangoja mtu, wakayafungua. Habari zikitufikia huku kwa barua. Badrudin akisikia jina la Mlebanoni alikuwa akitema mate, na mimi, sitokudanganyeni, nilikuwa nikimuunga mkono. Miaka arubaini nimewachukia watu ambao hata sura zao sikuzijua.

Sasa tazama tulivyofika Maskati. Baba yenu alikuwa na babu yake Sharqiya, bara ya nchi hii, na wazee wa kabila wakamtambua, wakashuhudia, tukapewa paspoti. Mimi Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea dua tu, nikisema sokoni watu wananicheka, wananiita Mzinjibari, lakini paspoti nnayo mkononi. Kwa paspoti ile ndiyo tukapata kiwanja hiki cha serikali, na wewe Hisham ukapelekwa kusoma, na Safwan akaandikwa wizarani. Badrudin naye alikuja mwaka wa sabini na sita, kwa sababu baba yenu alimwandikia: njoo, mimi najua kuuza, wewe unajua kukata. Akaja kwa viza ya kazi. Walikuwa watu wawili wa mji mmoja, walionyang'anywa asubuhi moja, wakashukia uwanja mmoja wa ndege. Duka likaandikwa jina la Zahor kwa sababu mgeni siku hizo hakuruhusiwa kuandikisha peke yake, na mapazia ya hoteli na wizara yakakatwa kwa mikono ya Badrudin mpaka mikono yenyewe ikaanza kutetema. Amekufa mpangaji, chumba na sebule, Ruwi.

Na Gulshan kazaliwa hapa, mwaka mmoja na Mazoon. Mazoon, binti yangu, hesabu alikufundisha nani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kila alasiri? Sema, mjomba wako asikie... Haya, amesema, ni Gulshan. Wewe ukapata nafasi ya serikali ukawa daktari, na nnashukuru. Yeye nafasi ile haikuwa ya watu wenye karatasi yake, na baba yake hakuwa na ada ya kumpeleka mbali, akakaa nyuma ya cherehani. Leo ana miaka arubaini na sita, hakuolewa, anaendesha duka zima, na ikama yake, kibali chake cha kukaa nchini, imefungwa na duka hilo. Mkiliuza, anapewa siku chache aondoke nchini. Aende wapi? Kachi kule Uhindini, kwa watu wa babu yake, alikokwenda mara mbili tu maisha yake yote? Hata Kikachi chenyewe kinampiga chenga. Huyu anaota kwa Kiswahili.

Ngojeni. Nipeni maji kidogo... Basi, yanatosha.

Sasa huyo Wadih. Mlidhani sikumwona. Nilimwita mwenyewe, Mazoon ndiye aliyempigia simu, akaja hapa juzi, Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri. Mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, amevaa vizuri, ameleta tende na maua. Nikamsemesha Kiarabu, akanijibu kwa Kiswahili cha kule, nikashtuka: "Mama, mimi nilizaliwaka Kisangani." Wallahi nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamuuliza, baba yako alifikaje kule? Akanambia hakunificha. Baba yake alifika kijana wa miaka kumi na saba, hana kitu, lakini ami yake alikuwa ameshafika, akampa kitanda nyuma ya duka na mali ya kuuza kwa kuaminiana, na ami huyo alikuwa na ndugu Antwapi kule Ulaya na mwengine Abijani, kila mmoja akimpelekea mwenzake, huyu bidhaa, huyu mteja, huyu mke. Nikamwambia, Wahindi nao ndivyo walivyokuwa wakifanya, kitanda nyuma ya duka, na mke kaunta. Akasema: "Najua, Mama. Tofauti yetu, wao walikuwapo siku ya orodha, na sisi tulifika orodha imeshapita."

Umesikia, Hisham? Maneno hayo ameyasema Mlebanoni mwenyewe.

Nikamuuliza na huo mnara. Akacheka kicheko kibaya, akasema mnara ni wa kukodi, na kila alichoweka akiba kwa miaka ishirini alikiweka benki ya Beiruti, kwa sababu ndiko kwao, na benki ikafunga mlango, na mama yake mzazi anapanga foleni apewe kidogokidogo katika mali yake mwenyewe. Akaniambia anataka duka langu kwa sababu ana watoto wa dada yake watatu Beiruti hawana kazi. Basi nikamuuliza lile lililonifanya nimwite: ukilinunua, Gulshan utambakisha? Alinitazama, akatazama chini, akasema: "Hapana, Mama. Sitaki kukudanganya. Lazima nilete wangu."

Sikumchukia. Ile miaka yangu arubaini ya kuchukia iliishia palepale, juu ya zulia hili. Amesema kweli, na mimi katika nyumba yangu mwenyewe nilikuwa sijaambiwa kweli kwa muda mrefu. Kila mtu mliyemwona amepanda, amevutwa mkono na wake. Mlebanoni ana ami yake. Sisi tulikuwa na babu aliyelala kaburini Sharqiya, ambaye hata hatukumjua, naye akatuvuta. Hata hao Wahindi unaowadharau, pita Matrah uwatazame wale ambao mababu wa babu zao walishakuwa hapa wakapata uraia: Mlebanoni gani wa mji huu anawafikia kwa mali? Ni Wahindi walewale, na akili zao ni zilezile. Na Mhindi mwengine yuko juani anabeba matofali. Kwa hiyo usinambie habari za nani ana akili. Nambie alifika lini, alikuwa na karatasi gani, na nani alimpa mkono. Gulshan hana ami. Ndugu za mama yake wako Kanada wanampelekea picha za theluji. Nikajiuliza, huyu wake ni nani? Nikajijibu. Wake ni mimi.

Na usinambie sheria. Jana mlidhani nimekwenda hospitali. Mazoon alinichukua kwa kiti cha magurudumu mpaka kwa kaatibu wa serikali, yule mwandikishaji wa wasia, na nimeandika, na nimetia saini kwa mkono huu, na siku hizi mgeni anaruhusiwa kumiliki kampuni yake, nimeuliza mara tatu mpaka kijana wa watu akachoka na mimi. Kilichobaki si cha sheria. Kilichobaki ni cha kwenu, na hicho ndicho nnachokuusieni.

Jengo la Ruwi ni lenu watatu, na duka limo ndani yake. Msimpandishie kodi Gulshan mpaka akimbie, maana najua njia hiyo ipo, na wewe Hisham umeshaifikiria, usinitazame hivyo, mimi ndiye niliyekuzaa. Mwandikieni mkataba wa miaka kumi, kwa kodi ya majirani, si zaidi. Na bohari la Wadi Kabir, ambalo hamlitumii, muuzieni Wadih kama bado anataka, alete watoto wa dada yake, wana haki ya kula kama watu wengine. Ndiyo, Safwan, huyohuyo Wadih. Nimesema sina ugomvi naye. Dhahabu igaweni kwa fungu lenu la sheria, lakini msiigombanie. Mkigombana, iuzeni mpake rangi msikiti.

Mtanizika siku hiyohiyo. Kaburi liwe kama makaburi ya wenzangu, bila ya kitu juu yake. Msikodi hema, msiagize mbuzi ishirini ili watu wa Qurum waseme. Siku tatu mkae, ya nne kila mtu aende kazini kwake. Mazoon, nguo zangu wape... wape wanaozihitaji, unawajua. Na Gulshan akija matangani, akae na nyinyi, safu ya wafiwa. Asikae na wageni. Akikaa na wageni, mimi nitajua.

Pumzi imekuwa fupi... Hapana, usinilaze, bado.

Mungu akuhifadhini, wanangu. Akupeni afya na wana wema. Akuepusheni na siku ya orodha, na ikija, akupeni mtu wa kukupokeeni mkono. Radhi yangu, Safwan, unayo. Mazoon, unayo, na juu yake unayo ya baba yako. Hisham...

Hisham, njoo hapa. Karibu zaidi. Wewe ndiye niliyekupenda mwanzo na ndiye nnayekuogopa. Saini yako siitaki. Nnataka neno, mbele ya mjomba wako na mbele ya sheikh. Sema umekubali. Usiniambie "inshallah, Mama," inshallah yako naijua tangu ukiwa na miaka sita... Nitakungoja. Sina safari nyengine leo, na hiyo nnayoisubiri haitonichukua mpaka nisikie...

Sauti zaidi, mjomba wako masikio yake mazito.

Ee. Hivyo. Mmesikia?... Mmeshuhudia? Radhi yangu unayo, mwanangu. Yote. Sasa nilazeni... taratibu... na wewe mwenyewe, Hisham, usimtume dereva, wewe mwenyewe... nenda Ruwi ukamwambie.