Jogoo wa Mkwe: Historia ya Marehemu Nathanael Ngeleja wa Ngulyati

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imekubaliana kusema yote, mazuri na yale yenye doa, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda kusifiwa kwa uongo.

Marehemu Nathanael Ngeleja alizaliwa tarehe 14 Mei 1941 hapa Ngulyati, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Salu na Mama Wilhelmina, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1954, kisha kuanzia 1966 akawa mpima pamba wa chama cha ushirika, mpaka mwaka 1994 wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao, naye akarudi nyumbani kwa kuku wake.

Tarehe 9 Septemba 1967 alifunga ndoa na Evalina, binti wa Mzee Masele wa Lalago, nao wakajaliwa watoto watano, mmoja akatangulia mbele za haki.

Kuku wake walikuwa kuchi, mbegu aliyoachiwa na baba yake, na soko lilipofunguliwa, majirani wakaleta majogoo wa kizungu wanaonenepa upesi, yeye akazungushia miiba ua wake asipate chotara, akisema kuchi hapimwi kwa kilo bali kwa kusimama, shingo ndefu, mdomo uliopinda, upanga mdogo kichwani na miguu minene, wakamtania kwamba anafuga twiga.

Mwaka 1996 alikuwa na jogoo mwekundu aliyemwandaa kwa maonyesho ya Nane Nane, na tarehe 6 Agosti, marehemu akiwa mjini Bariadi kununua tenga la kumbebea, Mzee Masele alishuka ghafla hapa nyumbani kutoka kwenye lori la pamba, na Mama Evalina, maana majogoo wengine walikwisha kuuzwa, hakuweza kumwekea baba yake mlenda mtupu, akamchinja huyo huyo mwekundu. Marehemu alirudi, akaona manyoya jikoni, akakataa kuketi mezani, akasema mbele ya mkwe wake kwamba yeye hajazoea kula rafiki yake. Jamani, maneno hayo hayasemwi mbele ya mkwe. Mzee alinawa mikono bila kugusa nyama, akaondoka, na kwa karibu miaka miwili njia ya Lalago ikaota majani, Mama Evalina akipika na kufua bila kuimba.

Kwaresima ya mwaka 1998 marehemu alisimama kwenye jumuiya akasema, huku analia, kwamba amempenda kuku kuliko baba wa mke wake, na Jumamosi iliyofuata akaenda Lalago na mkewe, akiwa amebeba jogoo pekee aliyebaki wa uzao ule, akapiga magoti, akamchinja kwa mkono wake mwenyewe akijua mbegu ya baba yake inaishia pale. Mzee Masele alikula mpaka mfupa, akalalamika kwamba mkwilima wake kamletea kamba ya kufungia ng'ombe, kisha akamwita nyuma ya nyumba akamwonyesha kuchi wanaochakura, uzao wa mtetea ambaye marehemu alimpelekea mzee zamani, mjukuu wa kwanza alipobatizwa, akamfungia majike wawili na jogoo. Tangu hapo marehemu hakushindanisha tena, akawa mwamuzi wa kuku za wenzake, na Mama Evalina akaimba tena.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na ini, akalazwa mara tatu, na Julai hii, alipoona siku zimefupika, aliagiza kwamba mkwe wake akija msibani achinjiwe jogoo aliye mzuri kuliko wote, hata kama Nane Nane imekaribia. Alifariki tarehe 19 Julai 2004, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya, majirani waliochota maji na kukesha nasi, na wafugaji wenzake kutoka Zagayu na Maswa.

Mzee Masele yuko hapa mbele yetu, jana jioni amekula, na amesema nyama bado ni ngumu. Ng'wana Salu, mtoto wa Salu, mgeni wako amepata kitoweo, pumzika kwa amani.