Mwenyekiti Aliyeufunga Mgahawa Wake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi Queen Mayala, na leo sitaongea polepole, nawaambia mapema. Eti kwenye kumbukumbu mtu apunguze sauti. Sipunguzi! Ninayemkumbuka hakuwahi kupunguza yake, hata kanisani.

Ni Prudencia Byabato. Mzaliwa wa Muleba, mama wa Mkuyuni, mwenye mgahawa wa sato. Tena mwenyekiti wa umoja wa wenye migahawa na baa za ufukweni. Prudencia Byabato, miaka sitini na mmoja. Alifariki Jumapili, presha ilipanda ghafla.

Sasa, wewe wa Mwanza unajua tunavyokula samaki. Huketi tu ukaletewa. Unakwenda kwenye deli la barafu, unachungulia, unamwinua sato mmoja, unafunua mashavu uone kama ni mekundu. Ukiridhika unasema, "Huyu hapa, nikaangie." Samaki ambaye hukumchagua unamla kwa mashaka. Ndivyo tulivyo, tutafanyaje?

Basi mwaka huu kamati ya sheria ndogo ikaja na pendekezo. Watu kadhaa walikuwa wameumwa matumbo, na kamati ikasema vidole vimezidi. Mteja asimwone tena samaki mbichi. Samaki akae ndani, mlango ufungwe, ule utakacholetewa. Atakayekaidi atafungiwa. Migahawa arobaini na mmoja, wasikilizaji. Arobaini na mmoja!

Prudencia aliposoma barua ile alipiga kelele "Mawe!", yaani "Mama yangu!" kwa Kihaya, mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Wateja wangekimbia, alilijua hilo. Kwa hiyo akaandaa ombi lake. Mteja aendelee kuchagua, ila kwa macho tu. Mpishi ndiye amfunue samaki, kwa koleo. Na barafu isikatike kutwa nzima. Kamati ikampa siku ya kujieleza.

Zikiwa zimebaki siku tano, akaanza kuzunguka kwa wanachama wake kuwakagua. Alikuwa mkali huyo! Alifunua masufuria, alinusa vitambaa, alimgombeza mwenye baa moja hadharani kwa sababu ya ndoo isiyo na mfuniko. Akafika kwa Ngosha Masele, mchoma sangara, mtu wa maneno kama mimi. Ngosha akamwambia, "Dada Prudencia, kwako mwenyewe umekagua lini?"

Akacheka. Lakini neno lile likamkaa kooni. Akarudi kwake mchana uleule, akaenda moja kwa moja kwenye deli lake. Binti yake Evelina, ambaye ndiye mpishi mkuu pale, ananisimulia: "Mama aliingiza mkono mpaka kiwiko. Akautoa taratibu. Nikamuuliza, mama, vipi? Akasema, 'Evelina, haya ni maji ya kuoga.'"

Umeme ulikuwa umekatika, muuza barafu hakuja, na kila mmoja jikoni alidhani mwenzake ameshashughulika. Samaki wa mwenyekiti walikuwa wanaogelea kwenye uvuguvugu, na wateja saba ndio kwanza wameketi, hawajasogelea deli!

Hebu fikiria. Siku tano kabla ya kamati. Hakuna aliyeona ila binti yake. Wewe ungefanyaje? Mimi nakiri, ningemwaga yale maji kimyakimya nikaagiza barafu nyingine.

Prudencia aliwaomba radhi wale wateja saba, akawasindikiza hadi barabarani. Samaki wote akawafukia. Kisha akafunga mlango na kubandika karatasi: "Nimefunga mwenyewe siku tano. Samaki wangu walikaa bila barafu. Prudencia." Jina lake kabisa, wino mweusi!

Wanachama wakaja juu. Ngosha aliongoza. "Umetuuza! Unawapa kisu, halafu unawaonyesha na shingo!"

"Waitu, ndugu zangu, nisikilizeni," Prudencia akasema. "Nikificha, kesho wakigundua tumekwisha wote. Mtanitetea kwa mdomo gani?"

Wakaondoka wamenuna. Evelina anasema siku hizo tano mama yake hakula vizuri. Alikuwa anaogopa. Ndiyo, Prudencia wetu aliogopa! Aliogopa kwamba ameiponza migahawa arobaini kwa kosa la mmoja, na huo mmoja ni wake.

Siku ikafika. Mimi nilikuwapo na kinasa sauti changu. Ukumbi umejaa, watu wamesimama hadi nje. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Chenge, akavaa miwani. "Mama Byabato, si ni wewe uliyefunga kwa sababu ya samaki wabovu?"

Ukumbi ukaguna. Ngosha akashika kichwa.

"Shikamoo mzee. Ni mimi."

"Marahaba. Na bado unataka tukuamini?"

"Msiniamini," akasema. Jamani! Hivyo hivyo. "Mimi mwenyewe nilijiamini, nikakosea. Bwana afya wetu Machibya yule pale, ana macho mawili na kata nzima ya kukagua. Kwangu anafika mara moja kwa mwezi. Mteja anakuja kila siku, tena na njaa. Siku ile nilichelewa kuangalia, ila mteja wa kwanza kusogelea deli angenikamata palepale. Mkimfungia mteja mlango wa jiko, nani atanikamata mimi?"

Ndipo akafungua deli dogo alilokuja nalo. Sato wawili juu ya barafu. "Mzee, ungekula yupi?"

Mzee Chenge akainama. Na kabla hajajua anafanya nini, kidole chake kikawa kinaelekea kwenye shavu la samaki!

"Mkono, mzee! Macho tu!" Prudencia akakizuia kwa koleo.

Kicheko kilichopigwa pale, sijakisikia tena. Mzee mwenyewe alifuta machozi. Kamati ikatoa majaribio ya siku tisini, kwa masharti yaleyale aliyoyaomba. Siku tisini, halafu uamuzi.

Na siku hizo alizitembea kwa miguu, jiko kwa jiko. Migahawa mitatu aliisimamisha mwenyewe, ukiwemo wa Ngosha. Ngosha alinuna siku mbili, siku ya tatu akampelekea sangara wa kuchoma nyumbani. Siku ya themanini na nane ikawa Jumapili ile. Prudencia akaanguka akijiandaa kwenda misa. Uamuzi haujatoka.

Jana mchana tulikuwa msibani Mkuyuni. Kina mama kwenye mikeka, wanaume nje. Akaingia bwana afya Machibya na bahasha, akavua kofia, akapiga magoti mbele ya Evelina. Akasema kamati imekaa asubuhi. Akasoma kwa sauti: mteja ataendelea kumwona na kumchagua samaki wake, na masharti ya Prudencia sasa ndiyo sheria.

Hakuna aliyejua afanye nini. Unashangilia vipi na mwili uko ndani? Evelina akafunika uso. Ndipo shangazi mkubwa wa marehemu, Bibi Kemilembe, aliyefika alfajiri kutoka Muleba, akasimama kwa kushikilia ukuta. Akapiga kigelegele. Peke yake, kirefu, sauti ya kizee imekwaruza. Kina mama wakatazamana. Halafu wote wakaitikia, vigelegele na kilio kwa pamoja, na Ngosha Masele nje akalia kama mtoto.

Leo anasafirishwa kwenda Muleba. Kwa Evelina, kwa Bibi Kemilembe, kwa ukoo wa Byabato na wanachama wote: poleni sana, poleni kutoka moyoni. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Liangalie leo, ukiwa peke yako, kabla hujaamua la kufanya.

Prudencia, imepita. Ulikuwa unasubiri, nami nimeona nikwambie kwa sauti yangu yote: imepita!